Dick Tiger, Bondia wa Amaigbo

Mwaka jana nilijitosa katika ndondi pale mtaani kwetu, nikachapwa mara mbili mfululizo. Niliporudi nyumbani jicho limevimba, babu hakunionea huruma hata kidogo. Aliniuliza tu kama namjua Dick Tiger. Nikasema simjui. Basi akanisimulia, na mengine nikajisomea mwenyewe.

Jina lake halisi ni Richard Ihetu, Mwigbo aliyezaliwa Amaigbo, Nigeria, mwaka wa 1929. Alikuwa mchuuzi sokoni Aba. Mwaka wa 1955 alivuka bahari hadi Liverpool, Uingereza, na huko, jamani, akashindwa mapigano yake manne ya kwanza! Mwingine angefunga virago. Yeye alibaki, na mwaka wa 1958 akatwaa taji la Dola ya Uingereza la uzani wa kati, yaani wa mabondia wasiozidi ratili 160, kama kilo 72 na nusu hivi.

Oktoba 1962 alimshinda Gene Fullmer wa Marekani kwa pointi kule San Francisco, akawa bingwa wa dunia. Wakarudiana Las Vegas, wakatoka sare. Mara ya tatu, Agosti 1963, ilibidi Fullmer aje Ibadan, Nigeria. Baada ya raundi ya 7 hakuweza kuendelea. Hapo babu alipiga meza chai ikamwagika! Taji la dunia kupiganiwa kwetu Afrika, si mchezo.

Uingereza ilimtunukia nishani ya MBE. Alipoteza mkanda mwaka huohuo, akaurudisha 1965, kisha akapanda uzani na kutwaa taji jingine la dunia 1966.

Lakini 1967 vita vya Biafra vikazuka. Tiger aliingia jeshi la Biafra, akawafundisha askari mazoezi. Watoto wa Kiigbo walikufa kwa njaa, na Uingereza ilikuwa ikiiuzia serikali ya Nigeria silaha. Basi mwaka wa 1969 akairudisha ile nishani. Kwa maoni yangu hilo ndilo konde lake zito kuliko yote, ingawa halikumletea hata senti.

Biafra ilishindwa Januari 1970. Mwaka huo alipanda ulingoni mara ya mwisho, naye akashindwa. Kumbe bingwa mzima akaajiriwa kuwa mlinzi katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York! Alipopatikana na saratani ya ini alirudi kwao. Alifariki Desemba 14, 1971, akiwa na miaka 42, katika mji uleule wa Aba alikokuwa akichuuza.