MAISHA YA DAKTARI TROXLER (1780–1866)

Wengi wetu tunaifahamu Uswisi kwa sababu ya Geneva, yaliko makao makuu ya UNHCR. Lakini nchi hiyo nayo iliwahi kupigana yenyewe kwa yenyewe. Mmoja wa waliosaidia kuiunganisha tena ni daktari aliyewahi kuikimbia nchi yake.

Ignaz Paul Vital Troxler alizaliwa tarehe 17 Agosti 1780 huko Beromünster, katika jimbo la Luzern. Alisomea udaktari na falsafa mjini Jena, Ujerumani. Mwaka 1806 maradhi ya kuambukiza yalienea Luzern, naye akawakosoa hadharani wakuu wa afya kwa jinsi walivyoyashughulikia. Ikambidi akimbie ili asikamatwe. Mwaka 1814, matajiri wa zamani walipotwaa tena utawala wa Luzern, alidai wananchi warudishiwe haki zao, akatiwa gerezani.

Baadaye alipewa kazi ya ualimu Luzern, lakini mwaka 1821 alifukuzwa kwa kuchapisha kitabu kuhusu haki ya wananchi mbele ya mtawala dhalimu. Akahamia Aarau, akawa anatibu wagonjwa na kufundisha vijana. Mwaka 1830 Chuo Kikuu cha Basel kilimfanya profesa wa falsafa. Mwaka uliofuata watu wa vijijini waliinuka dhidi ya mji wakidai usawa. Troxler akashukiwa kuwa upande wao, akapoteza kazi tena. Hatimaye, mwaka 1834, alipokelewa na Chuo Kikuu cha Bern, akafundisha huko hadi 1853.

Novemba 1847 vita vilizuka. Majimbo saba ya Kikatoliki, Luzern likiwemo, yalikuwa yamefanya umoja wao, na majimbo mengine yakawashambulia. Vita havikumaliza mwezi, na waliokufa walikuwa kama mia moja. Baada ya hapo likabaki swali gumu: watatawalana vipi? Kura zikihesabiwa kwa wingi wa watu, majimbo madogo yatamezwa. Kila jimbo likipewa kura sawa, makubwa yatanung'unika.

Mwaka 1848 Troxler aliandika kijitabu akishauri wafuate mfano wa Marekani: mabaraza mawili, moja la wananchi kwa idadi yao, jingine la majimbo, na sheria isipite mpaka yote mawili yakubali. Utaratibu huo uliingia katika katiba ya tarehe 12 Septemba 1848, na unatumika hadi leo. Majimbo yaliyoshindwa vitani yalipewa viti kwa kanuni ileile iliyowahusu washindi.

Troxler alifariki Aarau tarehe 6 Machi 1866, akiwa na miaka 85.

Sisi tunaozungumzia amani ya kwetu kila jioni, tuulizane pia jambo hili: siku ya kurudi, aliyeshindwa atawekewa kiti wapi? Waswisi walilijibu swali hilo kabla mwaka haujaisha tangu vita.