Daktari Koch na Wagonjwa wa Visiwa vya Sese



Ndugu zetu wa Bondeni, kule Kyela kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wanajua kipindupindu kinavyoingia mito inapofurika na maji ya vyooni kuchanganyika na ya visimani. Sisi wa Unguja na Pemba tunakijua vilevile. Aliyethibitisha mwaka 1884, akiwa Calcutta, kwamba maradhi haya huletwa na kijidudu, alikuwa Mjerumani aitwaye Robert Koch. Hakuwa Muislamu, lakini maisha yake yanamhusu kila mwenye mgonjwa hospitali.

Alizaliwa Clausthal mwaka 1843. Mwaka 1882 alikionyesha kijidudu cha kifua kikuu, na mpaka leo makohozi yanapowekwa chini ya darubini, iwe Kyela au Mnazi Mmoja, kinachotafutwa ni hicho hicho. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel.

Kati ya miaka hiyo palitokea jambo ambalo wasifu wake mwingi hulipita haraka. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, na akaficha imetengenezwa kwa nini. Wagonjwa walimiminika Berlin. Wapo waliozidiwa baada ya sindano, wapo waliokufa, na Rudolf Virchow alipochunguza maiti aliona ugonjwa umesambaa badala ya kupungua. Dawa ile ilibaki kuwa kipimo cha kugundua ugonjwa, si tiba. Madaktari waliowadunga watu hawakujua wanadunga nini.

Mwaka 1906 akaja Ziwa Viktoria kwa ajili ya malale, ugonjwa wa mbung'o, uliokuwa ukiteketeza watu wa Uganda. Akapiga kambi visiwa vya Sese. Huko alidunga wagonjwa wengi dawa ya atoksili, jina lenye maana ya isiyo na sumu, ingawa ndani yake mna arseniki! Alianza na nusu gramu. Vijidudu vilitoweka kwenye damu, wagonjwa wakapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Basi akapandisha hadi gramu moja. Wagonjwa wakalalamika kizunguzungu, kichefuchefu na msokoto wa tumbo. Halafu macho: zaidi ya watu 20 walipofuka, wasione tena. Hapo ndipo alipokirudisha kipimo chini.

Mafaqihi wetu walilizungumza suala hili karne nyingi kabla yake. Tabibu mjuzi, aliyepewa idhini na akafuata utaratibu wa fani yake bila ya kuvuka mpaka, hadhamini madhara yakitokea. Asiye na ujuzi anadhamini, na aliyevuka mpaka anadhamini hata akiwa mjuzi. Kwa ujuzi, wachache walimfikia Koch zama zake. Mimi nasimama kwenye idhini: mvuvi wa Sese aliye kambini chini ya amri za wakoloni, hata angeulizwa, jibu lake lingekuwa na uzito gani? Na nasimama kwenye malalamiko yale ya mwanzo, yaliyotangulia upofu. Wallaahu a'lam.

Kwa hiyo mama anayemuuguza mzee wake asione haya kumuuliza muuguzi jina la dawa, kipimo chake, na dalili ya kuiangalia. Huo si utovu wa adabu. Mgonjwa akisema macho yanaona ukungu au masikio yanavuma, daktari aambiwe kabla ya dozi inayofuata, wala tusimwambie avumilie tu. Subira ni ibada, lakini kunyamaza mpaka mtu apofuke si subira.

Koch aliondoka mwaka 1907, akafa Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukoba uliokuwa chini ya Wajerumani, kambi za malale ziliendelea na atoksili baada yake, na wagonjwa waliendelea kuzitoroka.