Beryl Markham na Giza la Ziwa Letu

Usiku mmoja wa mwezi Juni, 1935, ndege ndogo ya injini moja, isiyokuwa na redio, iliruka kutoka Nairobi kwenda Nungwe, kusini mwa Ziwa Viktoria. Ilichukua mtungi wa oksijeni kwa ajili ya mchimba dhahabu aliyekuwa taabani. Rubani alikuwa mwanamke, Beryl Markham.

Bibi huyo alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya angali mtoto, akakulia Njoro katika shamba la baba yake. Alikijua Kiswahili tangu utotoni. Kwanza alikuwa mfunzaji wa farasi wa mashindano. Mwaka 1931 akajifunza urubani kwa Tom Campbell Black, akawa mbeba barua, abiria na dawa. Hatupendi kuipamba historia: huduma ile ilikuwa ya walowezi na migodi yao. Mvuvi wa Ukara hakuwamo katika hesabu.

Hata hivyo, safari ya Nungwe ina funzo. Wengi husifu ujasiri wake, lakini ujasiri peke yake haukumfikisha. Mwalimu wake alikuwa amemfundisha kuiamini dira kuliko hisia zake. Na kule Nungwe watu walikuwa wamewasha mioto ya mafuta kumwonyesha pa kutua.

Septemba 1936 aliondoka Uingereza jioni, akawa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki ya Kaskazini peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Usiku kucha alipambana na mvua na upepo wa mbele. Baada ya saa zaidi ya 21 injini ikakosa mafuta, naye akaangukia kinamasi huko Nova Scotia, Kanada. Alipona. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti, 1986, akiwa na umri wa miaka 83.

Sisi wa Kisesa na ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara na Kome tunaijua tabia ya ziwa hili. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Pepo za kutoka bara hukutana juu ya ziwa, hewa hupanda, na radi huanza. Rubani akiingia humo gizani, maji na mbingu huwa kitu kimoja. Mwili humdanganya kwamba ndege imenyooka, kumbe inazama. Na hata mchana hatuko salama: tarehe 6 Novemba, 2022, ndege iliyokuwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu na Bukoba katika hali mbaya ya hewa, wakafa watu 19.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wetu mambo mawili. Kwanza, asiwepo mkubwa yeyote wa kumhimiza rubani aruke jioni dhidi ya utabiri wa hali ya hewa, eti kwa sababu mkutano unangoja. Mkutano waweza kuahirishwa. Pili, mgonjwa wa kisiwani hawezi kuahirishwa. Basi viwanja vidogo vya kando ya ziwa viandaliwe taa, habari za hewa na watu wa zamu kabla hajaugua.

Mchimba dhahabu wa mwaka 1935 aliwashiwa moto wa kuongozea ndege. Mama mjamzito wa visiwani astahili vivyo hivyo, na rubani atakayemfuata astahili kurudi nyumbani.