Colin Chapman, fundi aliyepima kila kilo ya gari

Shoferi wa kamiyo anayetoka Likasi kupanda Mitwaba anajuaka vizuri: mzigo ukipangwa vibaya, gari inakataa kona. Mwingereza Colin Chapman alijenga maisha yake yote juu ya jambo hilo. Lilimletea sifa kubwa, lakini lilimletea pia kilio.

Chapman alizaliwa tarehe 19 Mei 1928 kule Richmond, karibu na London. Alisomea uinjinia katika chuo kikuu cha University College London. Mwaka wa 1948 alichukua Austin 7, kagari kadogo ka zamani, akaitengeneza upya kwa ajili ya mashindano. Mwaka wa 1952 akaanzisha kampuni yake, Lotus. Wengine walitafuta mwendo kwa kuweka motere kubwa. Yeye aliutafuta kwa kupunguza uzito.

Kampuni ya Ford ikamwita juu ya Cortina, gari ya kawaida ya familia. Ilitaka iwe ya mashindano. Lotus Cortina ilitoka mwaka wa 1963. Ilikuwa na motere ya karibu lita 1,6 yenye nguvu ya farasi 105. Milango, kapo na mfuniko wa kofre vilitengenezwa kwa aluminiamu. Kisha batri ikatolewa mbele, karibu na motere, ikapelekwa nyuma ndani ya kofre.

Kwa nini batri? Kwa sababu imejaa risasi na asidi, ni nzito sana kwa ukubwa wake. Mbele kuna motere tayari, na Cortina inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Batri ikienda nyuma, pua ya gari inapata nafuu na pine za nyuma zinashika barabara vizuri zaidi. Uzito wenyewe haupungui; umegawanywa tu.

Lakini kazi hiyo inadai uangalifu. Waya wa kutoka kofre mpaka kwenye demareri lazima uwe mnene, kwa kuwa demareri inavuta umeme mwingi. Pale unapopita kwenye tundu la chuma, ufunikwe kwa mpira. Ukisuguliwa mpaka ukagusa bodi, moto unaweza kuwaka. Batri ifungwe imara, na gesi yake ipate njia ya kutoka nje.

Mwaka wa 1964 Jim Clark, kutoka Scotland, alichukua na Cortina hiyo ubingwa wa Uingereza wa magari ya namna hiyo. Clark huyo alikuwa bingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka wa 1963, na akarudia 1965, kila mara ndani ya Lotus. Hata hivyo, resori za nyuma ambazo Chapman aliiwekea Cortina zililemea difu, mafuta yakavuja. Mwaka wa 1965 gari ikarudishiwa resori za vyuma bapa, kama zile za kamiyo zetu.

Kwenye mashindano mengine mambo yalikuwa mazito zaidi. Clark alikufa tarehe 7 Aprili 1968 kule Hockenheim, Ujerumani, ndani ya Lotus. Tarehe 5 Septemba 1970 Jochen Rindt naye akafa Monza, Italia, ndani ya Lotus. Rindt alikuwa amekwisha kulalamika kwamba magari hayo yanavunjika upesi. Mwisho wa mwaka huo alitangazwa bingwa wa dunia akiwa tayari kaburini.

Lotus ilipata mataji 7 ya watengenezaji kati ya 1963 na 1978. Chapman alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 16 Desemba 1982, akiwa na miaka 54.

Fundi wa kwetu anayetaka kuhamisha batri ajiulize maswali mawili. La kwanza, uzito huu unaenda wapi? Chapman alilijua kuliko wengi. La pili, nini kitaushika barabara ikiwa mbaya? Hilo la pili ndilo lililowagharimu watu wake.