Lincoln Alipokuwa Mjumbe wa Sangamon

Jina la Abraham Lincoln likitajwa, fikra za wengi humwendea yule Rais wa Marekani aliyetangaza mwaka 1863 uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi, na ambaye aliuawa kwa risasi mwezi wa Aprili 1865. Ni wachache wanaokumbuka kwamba muda mrefu kabla ya hayo mtu huyu alikuwa mjumbe wa Bunge la Jimbo la Illinois, akachaguliwa mara nne mfululizo tangu mwaka 1834, na kwamba huko ndiko alikojifunza kutunga sheria na huko huko ndiko alikokosea sana.

Alizaliwa mwaka 1809 katika jimbo la Kentucky, ndani ya kibanda cha magogo, na masomo yake ya darasani yakijumlishwa yote hayatimizi mwaka mmoja. Mwaka 1832 aligombea ujumbe akashindwa. Duka aliloshirikiana na mwenzake likafilisika likamwachia madeni. Akaishi kwa kazi ya posta kijijini New Salem na kwa kupima ardhi. Alipochaguliwa mwaka 1834, alilazimika kukopa dola 200 kwa jirani ili apate nguo za kumwezesha kusimama mbele ya wajumbe wenziwe bila ya aibu.

Kikao kinachostahili kuzungumzwa ni kile kilichoanza Desemba 1836 katika mji wa Vandalia na kumalizika mwanzoni mwa Machi 1837. Wenyeji wa Vandalia, kwa kuhofia kunyang'anywa makao makuu, walikuwa wamejenga upesi upesi jengo jipya la serikali, hata wajumbe walipoingia lipu ilikuwa bado mbichi. Kutoka wilaya ya Sangamon walikuja wajumbe tisa wa mabaraza yote mawili, kila mmoja akiwa mrefu kupita kimo cha kawaida, hata wakapewa jina la Warefu Tisa. Lincoln, mwenye umri wa miaka 27, ndiye aliyekuwa kinara wao. Azma yao ilikuwa moja: makao makuu yahamie Springfield.

Lakini mezani palikuwa na jambo kubwa zaidi. Jimbo zima lilikuwa limeshikwa na homa ya reli na mifereji. Mswada uliopitishwa Februari 27, 1837, juu ya pingamizi la Gavana Joseph Duncan na wenziwe, uliamuru kutumika kwa kiasi cha dola milioni 10 zilizokuwa zikopwe. Reli ya kati peke yake, kutoka Cairo hadi Galena, iliwekewa milioni tatu na nusu. Wilaya ambazo hazikupata reli wala mto wa kusafishwa zilitengewa dola 200,000 wagawane, na kila mwenye kujua mambo ya mabaraza ataelewa fungu hilo lilitiwa kwa ajili gani. Ikumbukwe kuwa hata katika hesabu ya mwaka 1840 wakazi wa jimbo hilo hawakufika laki tano. Lincoln aliunga mkono kwa moyo wote. Siku ya pili, Februari 28, Springfield ikachaguliwa katika duru ya nne kwa kura 73. Mahasimu wake walidai kwamba kulikuwa na biashara ya nipe nikupe. Wataalamu wa historia wamebishana juu ya dai hilo hadi leo. Kwa maoni yetu, hata kama hapakuwa na mapatano ya siri, hesabu za fedha hazikupata uchunguzi unaostahili.

Katika kikao hicho hicho, mwezi wa Januari, Bunge lilipitisha maazimio ya kuwalaumu wapinzani wa utumwa na kutetea haki ya majimbo ya kusini kumiliki watu. Kura za kuyakataa zilikuwa sita tu, na moja ilikuwa ya Lincoln. Tarehe 3 Machi, yeye na Dan Stone, mjumbe mwenziwe wa Sangamon, waliandikisha katika kumbukumbu za Bunge kwamba utumwa umejengwa juu ya dhulma na siasa mbaya. Insafu yatutaka tuseme na yaliyobaki: waliongeza kwamba mahubiri ya wapinzani hao huzidisha maovu badala ya kuyapunguza, na kwamba Serikali Kuu haina uwezo wa kuugusa utumwa ndani ya majimbo. Tena walingoja hadi suala la makao makuu limekwisha. Yaonekana hakutaka kuupoteza mji kwa ajili ya azimio, wala hakutaka kuondoka bila ya kusema. Mwaka huo huo balozi wa kwanza wa Marekani alifika kwetu Unguja, na merikani iliyoshuka bandarini ilifumwa kwa pamba ya mashamba hayo hayo ya watumwa.

Mwezi wa Mei mabenki yakaanguka nchini mwao. Lincoln hakurudi nyuma. Mwaka 1839 alipendekeza jimbo linunue ardhi ya Serikali Kuu kwa senti 25 kwa eka na kuiuza kwa dola 1.25 ili kazi ziendelee, lakini haikuwezekana. Desemba 1840, Bunge likikutania kanisani kwa kuwa jengo la Springfield halijakamilika, alitoka kwa kupitia dirishani pamoja na wenziwe ili akidi isitimie na Benki ya Jimbo iokolewe. Walihesabiwa kuwa wamo, nao wakachekwa.

Kufikia mwaka 1842 jimbo lilikuwa limeshindwa kulipa hata riba. Kipande cha reli kilichokamilika, cha Meredosia hadi Springfield, kilipigwa mnada mwaka 1847 kwa dola 21,100. Deni lenyewe lilimalizwa mwanzoni mwa miaka ya 1880, na wakati huo Lincoln alikuwa amezikwa katika mji ule ule wa Springfield kwa kiasi cha miaka kumi na mitano.