Remmy Ongala: Sauti ya mnyonge kutoka Manyema

NI vigumu kuzungumzia nyimbo za kutetea wanyonge hapa nchini bila kumtaja marehemu Ramadhani Mtoro Ongala, maarufu kwa jina la Dk. Remmy. Alizaliwa mwaka 1947 mjini Kindu, Kongo, magharibi ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Manyema ambayo ndiyo asili ya Wamanyema wengi wa Ujiji na Kigoma.

Inasimuliwa kwamba mama yake alikuwa amepoteza watoto kabla yake, hivyo mganga wa jadi akaagiza kichanga kisinyolewe nywele. Remmy alifiwa na wazazi wake wote wawili akiwa bado mdogo, akaujua mapema unyonge aliokuja kuuimba.

Mwaka 1978 aliingia Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy. Baadaye alihamia Matimila, bendi aliyoiongoza na iliyopata sifa kwa jina la Super Matimila. Katika nyimbo kama ‘Mnyonge Hana Haki’ alimsemea maskini asiyesikilizwa mbele ya mwenye nacho, kwa Kiswahili chepesi cha mitaani.

Nchini Brazil, chini ya utawala wa kijeshi wa mwaka 1964 hadi 1985, wanamuziki kama Chico Buarque walificha maana ya nyimbo zao ili zipite mbele ya wakaguzi wa serikali, na Gilberto Gil akaishia uhamishoni. Tanzania haikufikia huko. Hata hivyo, kabla ya redio binafsi kuanza katika miaka ya 1990, mlango wa kulifikia taifa ulikuwa mmoja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, na mashairi yalichujwa kwanza.

Mlango huo ulifungwa kwa ‘Mambo kwa Soksi’ mwaka 1990. Ukimwi ulikuwa ukiteketeza familia, naye akahimiza matumizi ya kondomu, ambazo vijana waliziita soksi. Redio ya taifa haikuupiga wimbo huo, ikidaiwa kuwa unakiuka maadili. Mashabiki waliupokea kumbini, ukawa miongoni mwa nyimbo zake zinazokumbukwa zaidi.

Ughaibuni alisikika bila kizuizi. Mwaka 1988 bendi yake ilizunguka na tamasha la WOMAD, na mwaka 1989 kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu yake, ‘Songs for the Poor Man’. Pamoja na sifa hizo, makazi yake yalibaki Sinza, ambako kituo cha daladala kiliitwa Kwa Remmy.

Mwishoni mwa maisha yake aliokoka na kugeukia nyimbo za injili. Alifariki dunia Desemba 13, 2010, jijini Dar es Salaam, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Ujumbe ambao redio iliukataa kinywani mwake, serikali yenyewe ilikuja kuutangaza hadharani.