Padre Gerard Manley Hopkins: Karama Iliyorudishwa kwa Mwenyewe

Katika malezi ya kipadre tulifundishwa kwamba kila karama ni mali ya Mungu. Ni rahisi kulisema jambo hilo. Kuliishi ni kazi ya maisha yote. Padre Gerard Manley Hopkins, mshairi Mwingereza, aliliishi kwa gharama kubwa.

Alizaliwa mwaka 1844 katika familia ya Kianglikana. Mwaka 1866, akisoma Oxford, alipokelewa katika Kanisa Katoliki na Mtakatifu John Henry Newman, jambo lililowahuzunisha sana wazazi wake. Mwaka 1868, alipokuwa akijiandaa kujiunga na Shirika la Yesu, aliyachoma moto mashairi yake. Aliona hayapatani na wito wake, akaazimia kutoandika tena isipokuwa kwa matakwa ya wakubwa wake. Kwa miaka 7 karibu asitunge kitu.

Desemba 1875 meli iitwayo Deutschland ilikwama na kuharibika karibu na mlango wa mto Thames. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo masista 5 Wafransisko, waliokuwa wakikimbia sheria zilizolikandamiza Kanisa nchini Ujerumani. Wakati huo Hopkins alisoma taalimungu huko Wales. Mkuu wake alipodokeza kwamba ingefaa mtu atunge shairi juu ya msiba huo, yeye alishika kalamu. Karama aliyoiweka chini kwa utii, kwa utii aliiokota.

Ilirudi ikiwa mpya. Aliacha kuhesabu mizani, akahesabu mikazo ya sauti. Jarida la shirika lake halikulichapa shairi hilo, lakini yeye aliendelea. Mwaka 1877, mwaka wa upadrisho wake, alitunga mashairi ya kumsifu Muumba kwa ajili ya ndege, miti na anga. Baadaye, akifundisha Dublin, giza lilimfunika rohoni. Hata hilo aliliandika, akimlalamikia Mungu waziwazi kama Ayubu, bila kumwacha.

Alifariki kwa homa ya matumbo mwaka 1889, akiwa na miaka 44. Mashairi yake yalitolewa kitabuni mwaka 1918 na rafiki yake Robert Bridges, ambaye hakuwa Mkatoliki.

Wapo kati yetu watunzi wa nyimbo, wachongaji na waandishi wanaoogopa kwamba imani itawafunga midomo. Hopkins anatufundisha kumkabidhi Mungu karama zetu, furaha zetu na hata malalamiko yetu, na kumwachia yeye saa ya mavuno.